Banda la kuku 12 kwa dola 80, juu ya mawe ya Goma

Swali: «Jambo muganga. Mimi niko naishi Ndosho, Goma, parseli yetu ni ndogo, nyumba ya mbao. Niko na kuku 12 wa kienyeji, majike 11 na jogoo moja. Wale wa kwanza ugonjwa uliwamaliza karibu wote wakati wa mvua, hawa nimenunua upya na wanalala jikoni. Niko na dola 80 ya kujenga banda. Baba watoto anataka tulifunge mbao pande zote na ndani tubandike bashi (turubai), sababu ya baridi na wezi. Chini ni mawe matupu, hata mti hauingii. Mbao za banda la zamani naweza kuzitumia? Na kesho kesho nikifikisha kuku 30, wataenea humo?»

Jibu: Jambo sana, mama. Nianze na mpango wa baba watoto, kwa heshima yake, maana ukijengwa hivyo alivyosema, hayo mengine yote hayatakusaidia. Baridi ya Goma ipo na wezi wapo. Ila banda lililozibwa pande zote na kubandikwa bashi ndani halimzuii mwizi, na kuku litawamaliza kabla baridi haijawagusa.

Kuku mzima ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi, na usiku kucha amejifunika manyoya yake. Usiku wetu hushuka hadi karibu nyuzi 15. Hiyo kwake si kitu, mradi awe mkavu na upepo usimpige moja kwa moja akiwa amelala. Kinachomwangusha ni unyevu na hewa ya kinyesi. Kuku mmoja hutoa kinyesi cha gramu 100 au zaidi kwa siku, na sehemu kubwa ya uzito huo ni maji. Kwa kuku wako 12 ni zaidi ya kilo moja kila siku, na kingi huanguka usiku, mahali pamoja, chini ya miguu yao. Ongeza mvuke wa pumzi zao. Ukiziba kila upande, mvuke huo unapanda, unakuta bati limepoa, unageuka matone na kuwarudia mgongoni. Kinyesi kibichi nacho hutoa amonia, ile harufu ya kuchoma pua, ambayo hukwaruza macho na koo za kuku mpaka ugonjwa wowote wa kifua unaopita mtaani unawapata kirahisi.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Alfajiri, kabla hujawafungulia, ingiza kichwa ndani na uinamishe mpaka pua yako ifike pale wanapolala. Wengi hupima wakiwa wamesimama mlangoni, halafu wanasema banda halinuki. Macho yakikuwasha hapo chini, kuku walikuwa wakivuta hewa hiyo saa kumi na mbili nzima.

Kwa hiyo, kwa dola 80, mimi ningezitumia hivi: paa zuri, sakafu isiyopitisha panya, na mlango wa kweli. Kuta ndipo pa kubana. Tena ukuta wenye nafasi za hewa ni rahisi kuliko ukuta uliozibwa, kwa hiyo mfuko na mapafu ya kuku vinapatana.

Kabla ya kununua hata msumari, chagua mahali. Goma tuna jambo ambalo vitabu vya ufugaji vya nchi nyingine havilitaji: mazuku. Ni hewa ya ukaa inayotoka kwenye nyufa za ardhi, nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inatuama kwenye mashimo na mabonde, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Inajulikana zaidi pande za karibu na ziwa, magharibi ya mji kuelekea Bulengo na Sake, lakini hakuna sababu ya kubahatisha hata Ndosho. Mtu mzima anaweza kupita kando ya shimo hilo bila kusikia lolote, kwa sababu kichwa chake kiko juu. Kuku kichwa chake kiko sentimita 30 kutoka ardhini. Kwa hiyo usijenge kwenye kishimo cha lava eti kwa sababu kina kivuli na kimejikinga na upepo. Kama kuna mahali kwenye parseli ambapo umewahi kukuta asubuhi mijusi, panya au ndege wamekufa bila jeraha, hapo pasahau kabisa. Tafuta sehemu iliyoinuka, inayopigwa na upepo kidogo mchana.

Halafu itazame nyumba yako mwenyewe. Nyumba ya mbao hukuonyesha mvua inatokea wapi: upande ambao mbao zimekuwa nyeusi chini na kuanza kuoza mapema ndio upande wa mvua na upepo. Mgongo wa banda uelekee huko, na uso wake, yaani mlango na wavu, uelekee upande wa pili. Uso huo ukiweza kupata jua la asubuhi, vizuri zaidi, kwa sababu jua linakausha sakafu bure. Na mlango uonekane kutoka mlango wa nyumba yenu au dirisha la mnapolala. Harufu ikikusumbua dirishani, maana yake banda halijasafishwa.

Mawe unayoyalalamikia ni nusu ya utajiri wako. Mtu wa Bukavu kwenye udongo mwekundu wa mlimani anahangaika na matope na maji yanayopita chini ya kuta. Wewe maji yanazama kwenye lava mvua ikikatika tu. Iwe ni mawe ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 kama ya mjini kati, iwe ni yale ya zamani zaidi kama ya kwenu, hesabu haibadiliki: huchimbi, unajenga juu. Okota mawe hapo hapo kwenye parseli, panga msingi wa mstatili wenye urefu wa mita 2 kutoka mbele kwenda nyuma na upana wa mita 1.6, kimo cha sentimita 30. Mawe makubwa yakae kwenye pembe, na uso wa juu uwe sawasawa. Tumia ubao mrefu na chupa yenye maji kidogo kupimia usawa.

Lava ina kasoro mbili, na zote mbili zinatibiwa na mfuko mmoja wa simenti. Kasoro ya kwanza ni nyufa. Chini ya mawe yale kuna njia za panya zinazotoka nyumba hadi nyumba, na panya wa Goma hali chakula cha kuku peke yake, anakula mayai na vifaranga pia. Ya pili ni makali. Kuku akiruka kutoka juu na kutua kila siku kwenye jiwe lenye ncha, wayo unachanika, unaingia uchafu, unavimba kijipu kigumu cheusi katikati, na kuku anaanza kuchechemea na kuacha kutaga. Jaza ndani ya msingi mawe madogo, halafu changarawe ya lava, ishindilie, kisha mimina simenti iliyochanganywa na mchanga, sehemu moja kwa tano, unene wa sentimita 4. Mfuko wa kilo 50 unatosha eneo hilo lote na kubakiza cha kushikiza mawe ya juu ya msingi. Ipe sakafu mteremko mdogo kuelekea mlangoni, ili siku ya kuosha maji yajitokee yenyewe. Kabla simenti haijakauka, kwenye kila pembe na katikati ya kila upande wa mita 2 zamisha kipande cha waya mzito wa kufungia vyuma, ncha zote mbili zikibaki juu. Hizo ndizo zitakazoshika banda lisihamishwe na upepo, badala ya nguzo ambazo huwezi kuzichimbia.

Sasa paa, na hapa mafundi wengi huanza kinyume. Wanajenga kuta kwanza, kisha wanakwenda kununua mabati, na bati linakatwa au linapungua. Wewe anza na bati. La kawaida kwenye maduka yetu lina urefu wa mita 3, na likishalaliana na jirani yake linafunika kama sentimita 75. Mabati matatu yanakupa upana wa mita 2.3 hivi. Ndiyo maana nilikuambia msingi wa mita 2 kwa 1.6: mabati yakilala kutoka mbele kwenda nyuma, yanatokeza nusu mita mbele, nusu mita nyuma, na sentimita 35 kila ubavu. Hukati kitu. Na kutokeza huko ndiko kunakokuruhusu kuacha kuta wazi bila mvua kuingia. Mbele paa liwe mita 1.9 kutoka juu ya msingi, nyuma mita 1.5.

Kwa unene, ambao hupimwa kwa namba ya BG (namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba), BG 32 ni jembamba sana kwa mji wetu. Moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira hukutana na mvua na kuitia asidi inayokula chuma, wewe mwenyewe unaona mabati ya hapa yanavyopata kutu. Kama pesa haifikii BG 28 mpya, afadhali BG 28 iliyotumika kuliko BG 32 inayong'aa. Liinue juu ukilielekeza kwenye anga, utazame kwa chini: matundu ya misumari yanazibika, vitundu vidogo vidogo vya kutu vilivyotapakaa havizibiki, liache.

Mbao nunua mwisho, na ununue kidogo. Mifupa ya banda iwe stiki (miti myembamba) za mkaratusi, kama 12 za mita 4. Kwanza laza stiki nne juu ya msingi na uzifunge kwa zile nyaya za kwenye simenti. Juu ya hizo ndipo unasimamisha nguzo saba: pembe nne, moja katikati ya kila ubavu, na moja ya mlango. Ambua magome yote kabla ya kuzitumia. Si kwa ajili ya urembo. Chini ya gome ndipo utitiri hujificha mchana, usiku ukatoka kunyonya damu ya kuku, na mama wa nyumbani anabaki kushangaa kwa nini kuku wanakonda na kukataa kuingia bandani jioni.

Ukuta wa nyuma, ule wa upande wa mvua, upige mbao kuanzia chini mpaka zibaki sentimita 20 kufika kwenye bati. Nafasi hiyo ya sentimita 20 iache, ifunike kwa wavu tu. Iko juu ya vichwa vya kuku, kwa hiyo mvuke na amonia vinapita hapo bila upepo kuwagusa. Baba watoto akisema baridi itaingia, mwambie ndiyo, itaingia na kupita juu yao. Kuta za ubavuni zipige mbao sentimita 60 za chini, na kutoka hapo kwenda juu piga fito za mabaki ya mbao, zisimame wima, zikiachana sentimita 2. Mabaki hayo utayapata kwa maseremala kwa bei ndogo, na mwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, anaweza kukubebea mzigo wote mara moja. Mbele, mbao zifike sentimita 90, na juu yake wavu wa upana wa mita 1 hadi kwenye paa. Kwa mpango huu mbao nane za mita 4 zenye upana wa sentimita 20 zinatosha, pamoja na mita 3 tu za wavu.

Kuhusu wavu, angalia vizuri unachouziwa. Ule mwepesi wenye matundu ya pembe sita unamzuia kuku asitoke, basi. Mbwa anaurarua, kicheche anaupanua, panya anapita bila hata kujikunja. Tafuta ule wa nyaya zilizochomelewa, matundu ya sentimita 1 hivi. Ni ghali zaidi kwa mita, lakini ndiyo maana nimekuwekea mita 3 badala ya kuzunguka banda zima. Ugongomelee kwa ndani ya fremu na ukandamize kingo zake kwa vipande vya ubao. Msumari uliokunjwa juu ya uzi mmoja wa waya hautoshi.

Sasa wezi. Mwizi wa kuku wa mjini kwetu havunji mlango, anabandua ubao. Anakuja na kipande cha chuma, anakiingiza kati ya ubao na nguzo, misumari inatoka taratibu moja moja bila kelele, kwa sababu ubao ulipigiliwa kwa nje. Kwa hiyo mbao za banda lako zipigiliwe kwa ndani ya nguzo, fundi akiwa amesimama ndani. Mwizi akiusukuma ubao kuuingiza ndani lazima apige, na akipiga mtaamka. Fundi atakulalamikia kwamba kazi inakuwa ngumu na haipendezi kwa nje. Mlipe soda asubuhi, afanye hivyo hivyo. Misumari iwe ya sentimita 8, na ncha zinazotokeza zikunjwe. Bawaba za mlango zisifungwe kwa misumari, zifungwe kwa bulti zinazopita ubao mzima, nati ikiwa ndani. Kufuli nzuri juu ya bawaba ya misumari ni pesa iliyotupwa. Na ukitaka kengele, ning'iniza makopo ya nyanya yenye vijiwe nyuma ya mlango, kwa ndani. Wengine hunicheka kwa ushauri huu, lakini kuku wenyewe wakishtuliwa na makopo wanapiga kelele kuliko mbwa.

Ndani hakuna gharama kubwa. Funga fito mbili za kulalia, kila moja ikivuka upana wa banda, karibu na ukuta wa nyuma. Ya kwanza iwe sentimita 30 kutoka ukutani na ya pili sentimita 35 mbele yake. Zote mbili ziwe kimo kimoja, kama sentimita 70 kutoka sakafuni. Ukizipanga kama ngazi, kila jioni watagombania ya juu. Unene wa fito uwe sentimita 4 au 5, iliyolainishwa kingo. Kila kuku anahitaji sentimita 20 hadi 25, na fito zako mbili zina mita 3.2 kwa jumla, kwa hiyo 12 wanakaa bila kusukumana.

Viota vya kutagia usinunulie mbao. Chukua bidoni tatu za njano za lita 20, zile zilizotoboka zisizobeba maji tena, ukate dirisha kwenye ubavu, ukiacha kizingiti cha sentimita 8 chini ili nyasi na mayai visidondoke. Lainisha ukingo wa plastiki kwa kisu kilichopashwa moto. Zipange sakafuni au juu ya jiwe moja, kwenye pembe yenye giza kuliko zote, na chini ya kimo cha fito, la sivyo watalala humo na kunya juu ya mayai. Bidoni moja kwa majike wanne, hivyo tatu zinawatosha majike wako 11.

Juu ya simenti mwaga maranda makavu ya seremala, unene wa sentimita 5 hadi 8, uyageuze kwa reki kila baada ya siku chache. Finyanga konzi moja: yakitawanyika ukifungua mkono, ni sawa. Yakishikamana kama donge, yana maji, toa sehemu hiyo uweke makavu. Hapa kuna kosa limeenea sana kwetu: watu wakiona maranda yameloa wanamwaga majivu ya mbabula (jiko la makaa) juu yake ili yakauke. Majivu yakikutana na kinyesi kibichi hufanya amonia itoke kwa wingi zaidi. Majivu yana kazi yake, nayo ni karai kavu pembeni, uyachanganye na mchanga mwembamba wa lava, kuku waoge humo na kupunguza viroboto na utitiri. Maranda yaliyochoka yajaze kwenye gunia, yaoze wiki kadhaa, kisha yawe mbolea ya lengalenga zako za kwenye magunia. Mabichi yanaunguza mboga.

Tuje kwa mbao za banda la zamani. Hukuniambia dalili, lakini ugonjwa unaopita wakati wa mvua na kuua karibu wote ndani ya siku chache, mara nyingi ni kideri. Virusi vyake vinaweza kuishi kwa wiki kadhaa kwenye kinyesi kilichokauka juu ya ubao, hasa penye ubaridi na kivuli kama kwetu. Kwa hiyo mbao zilizooza au zenye nyufa nyingi zipeleke jikoni ziwe kuni. Nzima zinaweza kurudi, kwa utaratibu huu na si mwingine: kwanza kwangua kinyesi chote mpaka ubao uonekane, kisha osha kwa maji na sabuni, acha ikauke, ndipo upake maji ya javeli, yaani dawa ya klorini. Ukimwaga javeli juu ya uchafu, uchafu unaimaliza nguvu kabla haijafika kwa virusi. Baada ya hapo zianike juani, kila upande kwa zamu, kama mwezi mzima. Mbao hizo zitumie mlangoni na kwenye fito za ubavuni, usizitumie kulalia. Mafuta ya vidanji (oili chafu ya injini) ambayo Goma yote hupaka kwenye nyumba za mbao, paka banda lako kwa nje tu na uyaache yakauke vizuri. Ndani paka chokaa, na kwenye viungo vya fito pitisha kitambaa chenye mafuta ya taa, kuku wakiwa nje, uache harufu iishe.

Banda zuri halizuii kideri, na hili ningependa ulisikie kuliko mambo ya mbao. Chanjo ndiyo inayozuia. Ipo chanjo inayoitwa I-2, ilitengenezwa Australia kwa ajili ya wafugaji wa vijijini, inavumilia joto kuliko nyingine na inadondoshwa tone moja tu kwenye jicho la kuku. Hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Uliza kwenye maduka ya dawa za mifugo mjini. Kama wana La Sota pekee, hiyo nayo inafaa, mradi uione ikitoka kwenye friji na uibebe kwenye baridi. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, kwa hiyo jiungeni majirani watano au sita mchanje siku moja. Hiyo ni nafuu kwa mfuko, na pia ugonjwa hautabaki kwa jirani ukisubiri kurudi kwako. Pesa ya chanjo itoe pembeni kwenye zile dola 80 kabla ya kununua bati la kwanza. Na kuku yeyote mpya kutoka sokoni akae wiki mbili peke yake, mbali na wengine, ukimhudumia mwisho.

Vifaranga ni habari nyingine. Kwao baridi inaua kweli: wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, halafu unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Kama mama yao yupo, mwachie kazi hiyo, mtengee katoni kwenye kona yenye maranda mengi. Usithubutu kuingiza mbabula yenye makala ndani ya banda ili kuwapasha. Makala yanayowaka ndani ya nafasi ndogo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, itawaua wao usiku, na kama banda liko mgongoni mwa chumba cha watoto, sitaki hata kuendelea. Moto nao, kwenye mitaa yetu ya mbao, hauishii kwenye banda la mtu mmoja.

Bei sikukuandikia, kwa sababu njia ya Masisi ikiharibika mbao zinapanda wiki hiyo hiyo. Nimekupa hesabu ya vitu: mabati 3, simenti mfuko 1, stiki 12, mbao 8, wavu mita 3, misumari, bawaba na bulti zake, kufuli. Pesa ikielekea kuisha, badilisha mbao za ukuta kwa mabaki ya seremala au hata kwa mawe yaliyopangwa, na fremu iwe ya stiki nyembamba zaidi. Usiguse bati, usiguse simenti, usiguse bulti za mlango. Bashi aliyoitaka baba watoto nayo ina kazi: itundike nje ya ubavu unaopigwa na upepo, ifungwe juu tu, uishushe usiku wa dhoruba na kuikunja asubuhi.

Kuku 30 hawataenea. Banda hili lina mita za mraba 3.2, na hesabu ni kuku wanne, wakibanana sana watano, kwa kila mita ya mraba. Ukiweka 30 watadonoana, sakafu haitakauka, na utarudi kwenye harufu ile ya alfajiri. Ukitaka kufika huko, panga toka sasa upande gani wa banda hauna nyumba wala choo kando yake. Ubavu wa upande huo usifunge kwa misumari iliyokunjwa. Funga mbao na fito zake kwa bulti, nati kwa ndani, ili siku ukipata pesa uufungue, uendeleze msingi wa mawe mita 3.2 zaidi, na uongeze mabati manne, la kwanza likilalia juu ya ukingo wa yale ya mwanzo. Hapo utakuwa na mita za mraba 9.6, na ubavu ule ule utauhamishia mwisho wa banda jipya.